Kamati ya Hamasa na Mwanamke wa Mpingo

"Jamani, leo tumeandikwa gazetini!" alisema Revelian, akaligonga gazeti kwa mgongo wa vidole kama hakimu anayetaka utulivu.

Benchi zima likageuka. Benchi hilo liko nyuma ya mabanda ya wachonga vinyago pale Mwenge, upande ambao wageni wenye kamera hawafiki, na wanaolikalia Jumamosi baada ya Jumamosi ni walewale. Revelian ni karani mstaafu, mtu wa Bukoba. Jina lake la kijiweni ni Itifaki, kwa sababu hata akiomba kipande cha kashata lazima kwanza awatambue waliohudhuria.

"Tumeandikwa kwa lipi?" aliuliza Fransis kwa wasiwasi. "Isije ikawa ile ishu ya kiwi."

Kazi ya Fransis ni kupaka vinyago kiwi, ile ya viatu, mpaka mti wowote ule uonekane mpingo. Wanamwita VAR, maana halipiti neno mbele yake bila kurudishwa nyuma na kuangaliwa upya.

"Tulia, VAR. Sikilizeni. 'Wanaume wa vijiweni watakiwa kuhamasisha wanawake na wasichana kushiriki michezo.' Kiongozi anasema, nanukuu, vipaji vipo vingi ila wanaume wanaoshinda vijiweni ndio wanaowavunja moyo. Mwisho wa kunukuu."

"Katuonea huyo," alisema Daniel. "Mie nimvunje nani moyo? Tangu asubuhi hata abiria sijapata." Daniel ana bodaboda ambayo watu wengi wameiona ikiwa imesimama. Kwa hiyo anaitwa Mwendokasi.

"Abiria unampataje nawe umelala juu ya pikipiki?" alidakia Bi Hamida, mwenye birika la kahawa na sinia la kashata. "Juzi mama wa watu kakuita mara tatu, ukamwambia aende taratibu utamkuta mbele."

Watu wakacheka. Mzee Valerian hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mkabala na benchi, mkono wa kulia uko chini ya khanga, unasugua kitu kwa msasa. Huyu ndiye mzee wa kijiwe. Ametoka Newala kijana, akaja na tezo yake ya kuchongea, na hadi leo jina lake ni Mzee Tezo. Siku hiyo alikuwa na mawili kichwani, na yote mawili yalihusu mpira wa wanawake.

La kwanza lilimfurahisha. Alasiri ile ile, kwenye uwanja wa shule ya msingi, wanawake wa Mwenge walikuwa wanacheza fainali na wanawake wa Kiwalani, na kombe lao alilichonga yeye. Ndilo lililokuwa chini ya khanga.

La pili lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Golikipa wa Mwenge ni Yuliana, binti yake wa mwisho, na hawana golikipa mwingine. Yuliana ana mtoto mchanga, Allen, na baba wa mtoto yuko safarini na lori. Mazoezini kote Allen alikuwa anashikwa na Benedicta, jirani. Asubuhi Benedicta kaitwa msibani Kiwangwa. Yuliana alipomweleza baba yake, Mzee Valerian alikuwa ananyoa ndevu. Alijibu bila kuacha kioo: "Basi usicheze. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni anafuata nini golini?" Yuliana alifunga kamba za viatu vyake vya mpira, akavitundika shingoni, akatoka na mtoto kutafuta mtu mwingine.

Sasa gazeti nalo limeamka na hayo hayo.

"Hoja iliyopo mezani," Itifaki aliendelea, "ni kwamba tumetuhumiwa. Na mtu akituhumiwa anajibu. Napendekeza tuunde kamati."

"Kamati ya nini?"

"Kamati ya Hamasa ya Michezo kwa Wanawake. Mimi kwa uzoefu wangu wa ofisini niko tayari kuubeba uenyekiti, ingawa sikuutaka."

"Turudie hapo," alisema VAR. "Ingawa hukuutaka, nani alikupa?"

"Umenipa wewe kwa kuuliza. Wewe utakuwa Mkurugenzi wa Ufundi."

VAR akakaa vizuri. "Hapo sawa. Maana mpira naujua. Nyie hamjui tu, mie nilikuwaga winga wa hatari. Nikikimbia, kivuli changu kinabaki nyuma kinaulizia njia."

"Na leo ukipanda ngazi ya benki unapumzikia wapi?" aliuliza Bi Hamida.

"Leo ni leo, dada. Tunaongelea mchango wangu kwa taifa."

"Na mie?" aliuliza Mwendokasi. "Msinisahau, wazee wangu. Vijana tupewe nafasi."

"Ofisa Usafirishaji."

"Mzuka! Mafuta nani anaweka?"

"Kamati bado changa. Mzee Tezo, wewe utakuwa mjumbe, bila kazi maalumu."

Mzee Valerian aliitikia kwa kichwa, mkono bado uko chini ya khanga.

"Samahani, Mwenyekiti," alisema Bi Hamida, akimmiminia kahawa. "Kamati ya wanawake, mwanamke ndani yake yuko wapi?"

Itifaki alitazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu aliyepoteza kofia. "Swali zuri sana, na tunakupongeza kwa kuliuliza. Wewe utakuwa Chakula na Vinywaji."

"Hiyo si ndiyo kazi ninayofanya sasa hivi?"

"Unaona? Una uzoefu tayari."

"Mie shuleni Lindi nilikuwa nacheza netiboli. Mfungaji. Wasichana wa Masasi walikuwa wakisikia Hamida yumo wanaanza kuumwa tumbo kwenye lori. Nimeacha kwa sababu moja tu, na sababu hiyo ilikuja nyumbani kwetu na mahari, ikasema mke wangu hawezi kurukaruka mbele ya watu."

"Hapo sasa!" alisema VAR. "Wanaume wa zamani walikuwa na shida. Sie wa leo tumebadilika. Mie naunga mkono asilimia zote. Wanawake wacheze, waruke, watupe hata mkuki."

"Mkeo anacheza nini?"

"Mke wangu?" VAR alishtuka kama aliyeguswa na kijiko cha moto. "Sasa mke wangu anaingiaje humu? Mke wangu yuko bize. Naongelea wanawake, jamani. Wanawake kwa ujumla."

"Wale wa gazetini," alisema Bi Hamida.

"Haswa. Wale."

Mwendokasi alicheka mpaka akashikilia usukani wa pikipiki. "Oya, VAR, wewe unaunga mkono wanawake wasiokuwa wa nyumbani kwako!"

"Kausha, dogo. Dada yako naye anacheza?"

"Sista? Thubutu! Sista akicheza nani atanifulia jezi ya Jumapili?"

"Tuseme kikao kimepitisha azimio," Itifaki aliingilia haraka. "Kijiwe kinalaani kwa nguvu zote tabia ya kuwavunja moyo wanawake, na kinatoa wito kwa wananchi wote, popote walipo, kuwaunga mkono. Kuna mwenye pingamizi? Hakuna. Makofi."

Makofi yakapigwa. Mwendokasi akapiga na honi.

"Sasa kabla sijafunga kikao," alisema Itifaki, "Mjumbe Tezo atuoneshe kombe. Kamati haiwezi kwenda kusimama mbele ya umma bila kulikagua."

Hapo Mzee Valerian akainuka. Kwa hili hakuhitaji kubembelezwa. Alipangusa mikono kwenye suruali, akashika ncha ya khanga, akaivuta kwa madaha ya bwana harusi.

Benchi zima likanyoosha shingo.

Alikuwa mwanamke wa mpingo, kimo chake ni kama goti la mtu mzima, mweusi tii, shingo ndefu, macho yametulia. Amesimama wima, mguu mmoja umetangulia. Mikono yote miwili imeinuka, imeushika mpira uliokaa juu ya kichwa, na mpira wenyewe umechongwa mishono yote, usingeweza kusema si wa ngozi. Mgongoni, ndani ya khanga iliyochongwa mkunjo kwa mkunjo, amelala mtoto.

"Mamamama," alisema Mwendokasi. "Mpingo wenyewe huo. Sio ule wa kopo."

"Nimesikia," alisema VAR. Aliinuka, akakizunguka kinyago mara moja. Akakizunguka tena. Akachutama. "Subiri. Turudie. Mzee Tezo, huyu dada anakwenda wapi?"

"Swali gani hilo? Yuko uwanjani."

"Hapana, mzee wangu. Huyu anatoka kisimani."

"Una wazimu. Huoni mpira?"

"Mpira nauona. Chini ya mpira kuna nini?"

Mzee Valerian aliinama. Akaangalia. Akavaa miwani, akaangalia tena.

Chini ya mpira kulikuwa na ngata.

Ngata nzuri, imesokotwa vizuri, kama ile anayojitwisha nayo mwanamke yeyote anayechota maji. Alikuwa ameichonga kwa mkono wake, akaipiga msasa kwa mkono wake, na hakuwahi kuiona mpaka dakika ile. Mwalimu Atuganile, kocha wa timu, alipoleta kazi alimwambia, "Mzee, tunataka mwanamke na mpira." Mpira ukae wapi hakusema. Na mkono wa Mzee Valerian, ambao tangu ujana umechonga wanawake wenye mitungi, wanawake wenye kuni, wanawake wenye vikapu, wanawake wenye ndoo, ulipofika kichwani haukumwuliza mwenyewe. Uliweka ngata, ukatwisha.

"Jamani," alisema VAR, sauti imemkwama kwa kicheko, "mzee kamtwisha mpira dada wa watu kama debe la maji!"

Benchi likaanguka. Mwendokasi alishuka kwenye pikipiki akakaa chini kabisa, kwenye vumbi la mbao.

"Na mtoto!" alipiga kelele. "Mzee, mtoto kafuata nini uwanjani?"

"Mgongo ulikuwa mtupu," alisema Mzee Valerian.

Hilo ndilo lililomaliza kahawa ya Itifaki; yote ilimwagikia gazetini.

"Mgongo wa mchezaji unawekwa namba, mzee wangu!" alisema VAR. "Namba! Wewe umeweka mtoto!"

"Halafu mpira kaushika kwa mikono miwili," alisema Mwendokasi. "Kadi hiyo."

"Golikipa anaruhusiwa kushika," alisema Mzee Valerian kwa ukali. "Mmesahau kuna golikipa?"

"Golikipa na mtoto mgongoni? Akijirusha kulia, mtoto anakwenda wapi?"

Mzee Valerian akamgusa mtoto wa mpingo kichwani. Maneno yale aliyajua. Aliyasema mwenyewe asubuhi, povu la sabuni likiwa kidevuni.

"Lisikuumize kichwa, Mjumbe," alisema Itifaki, akikamua gazeti. "Litarekebishwa. Mtoe mtoto."

"Nimtoe vipi? Huu ni mti mmoja. Nikimtoa mtoto naondoka na mgongo. Nikitoa ngata naondoka na utosi. Mpingo ukishaukata hauwezi kuurudishia."

"Basi tufunge utepe wa bendera pale mgongoni. Tuseme ni begi."

"Begi lenye masikio?" aliuliza VAR.

"Tuseme ni kocha," alisema Mwendokasi.

"Nyie!" Bi Hamida aliweka birika chini kwa kishindo. "Mnamcheka mzee kwa kosa lipi? Kachonga anachokiona. Hebu simameni hapo barabarani sasa hivi, mnitafutie mwanamke mmoja mtu mzima asiye na kitu kichwani wala kitu mgongoni. Mmoja tu. Mkimpata nitawapa kahawa ya bure mpaka Idi. Wa mti mnamcheka, wa nyama mmemzoea."

Hakuna aliyesimama. VAR aliangalia kidogo upande wa barabara, lakini kwa siri.

Na huko barabarani ndiko walikotokea wanawake wawili, wanakuja kwa haraka. Wa mbele ni Mwalimu Atuganile, filimbi shingoni, amevaa traksuti ya bluu. Wa nyuma ni Yuliana. Viatu vya mpira vinaning'inia shingoni kwake, na Allen yuko mgongoni, analialia kwa usingizi.

"Shikamooni, wazee."

"Marahabaa, Mwalimu. Karibuni. Itifaki imezingatiwa," alisema Revelian, akisimama.

"Mzee Tezo, tumekuja kumchukua mama yetu wa mpingo," alisema Mwalimu Atuganile. Akakiona kinyago. Midomo ilimcheza, na kijiwe kizima kikajitayarisha kwa kicheko cha pili. Lakini hakucheka. Aliangalia kinyago, akamwangalia Yuliana aliyekuwa amesimama karibu nacho: shingo ile ile, mguu mmoja mbele, mtoto mgongoni.

"Mzee," alisema taratibu, "umemchonga mwanao."

Mzee Valerian alisogeza miwani juu ya pua. Kwa mara ya pili siku hiyo alikuwa anaonyeshwa kitu kilichokuwa mbele ya macho yake.

"Amepatikana wa kumshika Allen?" aliuliza Bi Hamida.

"Hajapatikana, mama," alisema Yuliana. "Nimepita kila nyumba. Mama Hope yuko kliniki, wengine wako kwenye arusi Goba. Na timu tuko kumi na moja barabara, hata wa akiba hayupo wa kumpakata."

"Asipocheza huyu," alisema Mwalimu, "naweka mshambuliaji golini, na Kiwalani watatufunga mpaka wachoke wenyewe."

Uso wa Bi Hamida ukang'aa kama sinia jipya. "Hilo tu? Mwalimu, umefika mahali pake! Hii hapa mbele yako ni Kamati ya Hamasa ya Michezo kwa Wanawake. Imeundwa sasa hivi, kahawa bado ya moto. Mwenyekiti, mpokee mtoto."

Itifaki alikohoa. Alikohoa tena, kikohozi cha ofisini.

"Kwanza kabisa, nichukue fursa hii kuwapongeza. Pili, kamati inaunga mkono kwa dhati. Ila suala la mtoto, kusema kweli, halikuwa kwenye ajenda. Sisi tunahamasisha. Utekelezaji una mamlaka yake."

"Mamlaka gani?"

"Ndiyo hayo tunayotaka tuyaulizie Jumatatu."

"Mkurugenzi wa Ufundi?"

"Mie?" VAR alinyoosha viganja, vyeusi mpaka kwenye kucha. "Mikono yote kiwi, dada. Nikimshika mtoto huyu, kesho mtamkuta kwenye rafu na bei shingoni."

"Ofisa Usafirishaji?"

"Oya, mama, hebu fikiria kiaina. Mie kijana, na boda, na mtoto mchanga, mama yake hayupo. Nitafika mbali? Si nitachomwa moto hapo mataa?" Mwendokasi alikuwa ameshapanda pikipiki, anajaribu kuiwasha. Haikuwaka. "Halafu nimepata abiria."

"Yuko wapi?"

"Anakuja."

"Ningemshika mie," alisema Bi Hamida, "lakini moto huu na birika hili, na mkono wa mtoto, hapana. Siwezi."

Allen alipiga mwayo. Yuliana hakumtazama baba yake hata kidogo. Aliinua mikono polepole, akavua viatu vya mpira shingoni, akamkabidhi mwalimu.

"Mpe Kokushubila, yule mshambuliaji, akae golini," alisema. "Mguu wetu saizi moja, vitamtosha. Mwambie mpira wa juu asiutokee mapema, autulizie macho kwanza."

Sauti yake haikuwa ya kulia. Ilikuwa sauti ya mtu anayetoa maelekezo ya kazi, na hiyo ndiyo iliyomchoma Mzee Valerian. Ndivyo yeye mwenyewe anavyoongea mtu mwingine akishika tezo yake.

"Rudisha viatu hivyo," alisema.

Wote wakageuka.

"Mwalimu, nasema mrudishie mwanangu viatu vyake. Yuliana, mlete huyo."

"Baba, utampakata?"

"Nimpakate nimekuwa kochi? Nitambeba mgongoni. Akipakatwa na mtu asiyemzoea atalia. Mgongoni atalala."

"Baba, wewe umewahi kubeba mtoto mgongoni?"

"Nimebeba wangapi?" Akanyoosha kidole kwenye kinyago, kisha kwenye mabanda yote ya Mwenge.

"Wale ni wa mti."

"Mti ndio mgumu. Leta."

Akaokota khanga iliyokuwa imefunika kombe, akaipangusa vumbi la msasa. VAR na Mwendokasi walisogea karibu kuona vizuri mzee anavyoumbuka. Mzee Valerian aliinama, mgongo ukawa bapa kama meza. Bi Hamida akamweka Allen juu yake. Mzee akairusha khanga nyuma, akaikamata kwa upande wa pili, ncha moja akaipitisha juu ya bega, nyingine chini ya kwapa, akavuta, akakaza, akafunga kifuani. Fundo lilikaa palepale panapotakiwa. Kila mkunjo aliujua unaanzia wapi na unaishia wapi. Aliinuka wima. Allen alitingishika, akaweka shavu kwenye mgongo wa babu, akatulia.

"We!" alisema Bi Hamida. "Mzee Tezo, umejifunzia wapi?"

"Kwenye mpingo," alisema Mzee Valerian.

Yuliana alivipokea viatu vyake kwa mwalimu, akavitundika tena shingoni. Kisha akainama akamgusa baba yake goti, kwa heshima ya kwao, na mwalimu akapuliza filimbi ingawa haikuwa na sababu.

"Kombe nitalileta mwenyewe," alisema mzee. "Nendeni mkapashe moto miili. Haya, kimbieni!"

Wakakimbia.

Sasa ikabaki namna ya kulibeba kombe. Mpingo si mti wa mchezo, unavuta mkono kama jiwe. Mzee Valerian alijaribu kuliweka begani; Allen akakosa pa kuweka kichwa. Akajaribu kulikumbatia, fundo la khanga likabanwa, mtoto akaguna. Alifikiri kidogo. Akavua kofia yake, akaikunja, akaisokota na kitambaa cha kupangusia vinyago, akapata ngata. Akaiweka utosini. VAR, bila kuambiwa, akamtwisha.

Mzee akainua mikono yote miwili, akalishika kombe, akatanguliza mguu mmoja.

Hakuna aliyecheka. Itifaki aliangalia kinyago kilichokuwa juu, akaangalia mzee aliyekuwa chini, akavua miwani.

"Turudie," alinong'ona VAR, lakini hakusema turudie nini.

Mzee Valerian alipita katikati ya mabanda, shingo haijapinda hata kidogo. Wachongaji wenzake waliacha tezo zikae hewani. Mgeni mmoja aliinua kamera, akaishusha, maana hakujua apige kipi. Barabarani bodaboda walisimamisha magari wenyewe, mzee avuke. Nyuma yake Bi Hamida alipiga kigelegele kirefu kilichofika hadi mataa.

Kamati ilivunjika bila ya kufungwa. Mwenyekiti alikumbuka dawa zake nyumbani. Mkurugenzi wa Ufundi akasema anakwenda kunawa mikono. Ofisa Usafirishaji alisukuma pikipiki kwa miguu kuelekea upande ambao abiria wake angetokea.

Jumamosi iliyofuata kijiwe kilijaa mapema kuliko kawaida.

"Tumefungwa moja bila," alisema VAR. "Lakini lile goli ni la kuotea. Waziwazi."

"Ulikuwepo?" aliuliza Bi Hamida.

"Kuwepo si lazima. Nimesimuliwa na mtu aliyesimuliwa na mtu aliyekuwepo."

"Golikipa wetu kadaka kila kitu," alisema Mwendokasi. "Nasikia mapumziko alikwenda nyuma ya goli, akamnyonyesha mtoto, akarudi, akadaka penalti. Mwana huyu noma! Sema kombe ndo' limeenda Kiwalani. Nahodha wao kalibusu, kasema ndiyo mara ya kwanza anaona kombe linalofanana na mchezaji."

"Kwa ujumla," alisema Itifaki, "kamati inajipongeza. Matokeo ya hamasa yameonekana."

Mzee Valerian alikuwa kwenye kigoda chake, shati limefuliwa, maana Allen alimlowesha lote kipindi cha pili. Alikuwa anagonga gogo jipya. Mwalimu Atuganile alikuwa amempa kazi nyingine pale pale uwanjani: kombe la mwakani, litakaloangaliwa na wilaya nzima.

"Safari hii nimejisahihisha," alisema, akalisogeza.

Alikuwa mwanamke tena, amesimama langoni, mgongo mtupu, una namba moja. Mpira ulikuwa mikononi, kifuani, penye haki yake. Mwendokasi alipiga mluzi. VAR alikizunguka mara mbili, hakuona faulo. Halafu akainua macho.

"Mzee, hapa kichwani umemwekea tena mzigo?"

"Mkono ulikataa kupaacha patupu."

Wakasogea wote. Juu ya kichwa cha golikipa palikuwa na benchi refu, na juu ya benchi wanaume watatu wamekaa kitako, wamekunja nne, kila mmoja na kikombe chake. Mmoja alikuwa ameinua gazeti. Mmoja alikuwa anachungulia chini, kidole hewani, kama anayetaka kitu kirudiwe. Wa tatu alikuwa amesinzia, amekumbatia usukani wa pikipiki.

Bi Hamida alilazimika kuliweka birika chini, asijiunguze.

"Mjumbe," alisema Itifaki, sauti imepungua nusu, "huyu mwenye gazeti... hawezi kutolewa?"

"Nikimtoa naondoka na utosi wa mchezaji. Nilishawaeleza."

"Basi kwa nini sisi watatu tu? Na wewe si mjumbe wa kamati? Mbona humo?"

Mzee Valerian alichukua msasa, akaupuliza vumbi.

"Nilikuwa nimebeba mtoto," alisema, akaendelea na kazi.